Tairi la rimoti limevuka rimu: soma jeraha kabla hujalaumu gundi

Jumapili moja, kwenye kiwanja tunachochezea kule Goba, Dar, bagi yangu, yaani gari la mbio la rimoti, iliingia kona ya pili na matairi manne, ikatoka na matatu na kitu kinachoning'inia. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limevuka rimu nusu, linapigapiga chini kama kandambili iliyochomoka kamba. Lilikuwa la tatu mwezi huo, na kichupa cha supa glu nilichokuwa nacho mfukoni kilikuwa cha tatu vilevile. Wenzangu wakaanza kunitajia gundi: jaribu hii, achana na ile, ile ya mrija mwekundu ni feki.

Kesho yake, kabla sijashuka Kariakoo kununua kichupa cha nne, nilipita kwa mzee mmoja fundi wa pancha anayekaa njia panda chini ya mwarobaini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hilo tairi la nini, la toroli ya mtoto?”

“La gari la rimoti, mzee. Gundi haishiki.”

Akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa tairi, kisha kwenye rimu. “Gundi imeshika vizuri tu. Imeshika rimu. Mpira ndio haujaguswa.” Akainua tyubu ya bodaboda aliyokuwa anaiwekea kiraka, akanionyesha sehemu aliyoikwaruza mpaka ikawa ya kijivu, haing'ai. “Sisi hatumwagi solushoni juu ya mpira unaong'aa.”

Tangu siku hiyo sinunui gundi kabla sijaangalia mahali tairi lilipobandukia. Ukilisoma lile jeraha vizuri, mara nyingi utajua kosa lilipoanzia.

Tairi limebanduka: gundi imebaki wapi?

Hili ndilo tatizo linalokula fedha za watu wengi, kwa hiyo tulitazame kwa utulivu. Toa tairi lote, kaa penye mwanga, angalia pande mbili zilizokuwa zimegusana: mfereji wa rimu na mdomo wa tairi.

Ukikuta gundi yote imebaki kwenye rimu kama mstari wa kioo, na mdomo wa tairi ni laini na safi, kosa liko kwenye mpira. Tairi jipya hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta yale yanayopakwa kwenye kalibu ili mpira usinate wakati wa kutolewa. Huyaoni kwa macho, ila ukipitisha kidole unausikia utelezi. Gundi ikikauka juu ya utelezi huo imegandia mafuta, haikugandia mpira. Osha matairi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua midomo yote miwili kwa mswaki wa zamani, suuza, yaache yakauke kabisa hadi ndani. Halafu futa midomo kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa. Kitambaa kitaendelea kutoka na ukijivu kidogo hata ukifuta mara kumi; huo ni mpira wenyewe, usihangaike nao. Unachotaka ni utelezi uishe. Mwisho pitisha msasa laini mara mbili tatu, kama yule mzee na tyubu yake.

Ukikuta kinyume chake, yaani gundi imeng'ang'ania tairi na rimu imebaki nyeupe safi, mwenye kosa ni rimu. Rimu nyingi za mbio ni nailoni, na nailoni si rafiki wa gundi. Ikiwa bado ina mng'ao wa kiwandani, au umeishika kwa vidole vilivyotoka kula chipsi, gundi itaachia vipande vipande. Kwaruza mfereji kwa msasa mpaka mng'ao upotee, futa kwa spiriti, na baada ya hapo usiuguse tena kwa kidole. Kama rimu ni ya zamani, hakikisha gundi ya awali imetoka yote. Gundi mpya juu ya gundi kuukuu hushika ile kuukuu tu, na kuukuu ikibanduka zinaondoka zote mbili.

Hali ya tatu ni gundi iliyogawanyika: kidogo huku, kidogo kule, nyeupe, inamomonyoka kama chokaa ukiikwangua kwa ukucha. Hapa gundi iliganda kabla pande mbili hazijakutana vizuri, au uliimimina nyingi mno. Na hapa ndipo hewa ya Dar inapoingia kwenye hesabu. Supa glu haikauki kama rangi. Huganda inapokutana na unyevu, hata ule usioonekana ulio hewani na juu ya mpira. Video nyingi za kufundisha kazi hii zimerekodiwa kwenye nchi za hewa kavu. Mtu anadondosha gundi, anazungumza, anarekebisha tairi, anazungumza tena. Ukimfuata neno kwa neno ukiwa Msasani mwezi wa Aprili, gundi imeshaganda kabla hajamaliza sentensi. Dawa ni kukalisha tairi kwanza, lote, pande zote, ndipo gundi ije. Usipake gundi kwenye rimu halafu uanze kuhangaika kuvalisha tairi.

Kuna hali ya nne, na ukiikuta wala usihuzunike: mpira umechanika, vipande vyake vimebaki vimeng'ang'ania rimu. Gundi ilifanya kazi yake kuliko mpira wenyewe. Tairi limezeeka, au limegonga bomba la pembeni ya njia, au uliwahi kumwaga gundi ikatapakaa ubavuni. Hilo la mwisho watu hawalijui. Gundi ikienea ubavuni hufanya mpira ukakamae pale, na kila tairi linapojipinda kwenye kona, linapindia mstari uleule kati ya sehemu ngumu na sehemu laini. Baada ya siku chache za mbio, linapasuka kufuata mstari huo kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Kwenye gundi, mkamia maji hayanywi.

Angalia pia ni upande gani ulioachia. Ukiwa wa ndani, ule unaotazama chesisi (fremu ya gari), uliza nafsi yako kama kweli uliugundisha. Mimi niliwahi kugundisha nje matairi yote manne, simu ikaita, nikarudi nikayafunga kwenye gari.

Ninavyogundisha siku hizi

Nagundisha saa nane mchana, siku isiyo na mvua. Sababu ni kwamba alfajiri na usiku hewa ya hapa inakuwa na unyevu mwingi zaidi, na mchana jua likiwa kali unyevu unapungua kidogo. Si tofauti ya ajabu, lakini inanipa sekunde chache za kupumua.

Kwanza sponji inaingia ndani ya tairi, nalizungusha mkononi nikibonyeza kote kuona haijakunjika. Kisha navalisha kwenye rimu, naminya mdomo wa tairi uzame kwenye mfereji mzunguko mzima. Nikishaona umekaa, navuta ukanda mwembamba nilioukata kwenye tyubu ya baiskeli, nauzungushia kashata (vile vijino vya nje vya tairi) ili ubane midomo ishuke. Rababendi pana za kuuzwa zinafanya kazi hiyohiyo. Tyubu mbovu inapatikana bure kwa yule mzee.

Gundi iwe nyepesi kama maji. Ile nzito kama asali ni ya kazi nyingine. Navuta mdomo wa tairi kwa kidole gumba kidogo tu, upenyo wa kuingiza ncha ya kichupa, nadondosha tone moja, naachia, nahesabu mpaka ishirini. Nahamia upande wa pili, kama saa kumi na mbili na saa sita kwenye uso wa saa, halafu saa tatu na saa tisa. Pointi hizo nne zikishashika, tairi haliwezi tena kuhama, na hapo najaza nafasi zilizobaki tone kwa tone. Gundi nyepesi inajivuta yenyewe kwenye ufa, huna haja ya kuisukuma. Dakika kumi baadaye nageuza, narudia upande wa pili. Kisha nayaacha mpaka kesho. Yatashikika kwa mkono baada ya dakika chache, ndiyo, lakini nguvu kamili inahitaji karibu saa 24, na mota isiyo na brashi, ile yenye nguvu, haitakuonea huruma.

Feni iwe imewashwa ndani ya chumba ila isielekezwe mezani. Mvuke wa gundi hii unachoma macho. Na jambo moja la hatari: usifute supa glu iliyomwagika kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Gundi hiyo ikikutana na pamba hupata moto ghafla, unaweza kuungua vidole, na ikiwa nyingi hutoa moshi. Nilijifunza kwa kuifuta na fulana niliyoivaa. Vidole vikigandana, maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, usivute.

Kichupa kimeganda kabla hakijaisha

Hii ni kero ya pwani. Unakifungua leo, unatumia robo, wiki ijayo ni jiwe. Unyevu umeingia. Kifunge mara tu unapomaliza, futa ncha kwanza, kisha kiweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vile vilivyoandikwa usile. Kopo liingie kwenye friji. Ukilitoa, ngoja chupa ifikie joto la chumba kabla hujaifungua, la sivyo hewa ya nje itatoa jasho ndani yake kama chupa ya soda, na umeharibu ulichokuwa unalinda. Ncha ikiziba, ikate kidogo kwa wembe. Kuichokonoa kwa pini kunasukuma gundi iliyoganda irudi ndani.

Gundi hii iligunduliwa miaka ya 1940 na timu ya Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Eastman Kodak, wakati wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Wakaitupa kapuni kwa sababu ilinata kila kitu. Iliingia sokoni mwaka 1958 ikiuzwa kwa kosa lilelile.

Ukiona ukungu mweupe umetanda kwenye mpira mweusi baada ya kugundisha, ni mvuke wa gundi uliotua. Haudhuru mbio. Mara ijayo punguza matone.

Tairi linayumba

Gari likienda polepole hulioni tatizo; likishika kasi, linatetemeka na kunguruma kama bajaji yenye bearing mbovu. Kabla hujagusa gundi, funga nati ya tairi, kisha hamisha tairi hilo upande wa pili wa gari. Mtetemo ukihama nalo, kosa ni la tairi. Ukibaki palepale, ekseli imepinda au heksi (kile kishikio cha pembe sita kinachoshika rimu) imeliwa, na makala hii haitakusaidia.

Kama ni tairi, lizungushe mkononi mbele ya kitu kilichosimama wima, mimi hutumia kingo ya mlango. Likienda kushoto na kulia, mdomo haukuzama vizuri kwenye mfereji sehemu fulani. Likipanda na kushuka, sponji imekunjika ndani, na utaisikia ukibonyeza: pana mahali pagumu na mahali patupu. Yote mawili hayatibiki bila kubandua.

Tairi linavimba

Ukikanyaga mafuta kwa nguvu tairi linakuwa refu na jembamba kama gurudumu la baiskeli, na gari linapaa puani. Kasi ya mzunguko inautupa mpira nje. Ukikagua utakuta kashata za katikati zimeisha, za pembeni bado mpya.

Kinachosaidia ni utepe wenye nyuzi ndani. Safisha tumbo la tairi kwa spiriti, bandika mzunguko mmoja wa utepe huo kabla ya kuweka sponji, ukiubonyeza uingie vizuri. Utepe unanyumbulika kukunjika lakini haurefuki. Yapo pia matairi yanayouzwa yakiwa na mkanda wa nyuzi ndani yake tangu kiwandani, ya magari ya kasi, mazito kidogo na bei yake imesimama. Kwa gari la magurudumu manne yanayoendeshwa, ukiona yanayovimba ni ya mbele peke yake, nguvu inakimbilia mbele pale pua inaponyanyuka. Mafuta mazito zaidi kwenye difu ya katikati (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) yatapunguza hilo. Na kama unaendesha kiwanja kidogo cha mita kumi na tano, jiulize kwa nini umeweka betri ya seli tatu.

Gari linateleza

Hapa ndipo watu hukosea dukani, wakichagua tairi kwa sura. Tairi lenye kashata ndefu linapendeza kwenye picha. Chagua kwa udongo.

Fanya hivi ukifika kiwanjani: kanyaga kisigino, kizungushe. Kikizama kwenye mchanga au udongo uliolegea, kama sehemu nyingi za Kigamboni na Mbezi Beach, unahitaji kashata ndefu zilizoachana, ili zichimbe na zijisafishe. Kikikwangua vumbi la juu tu na chini ukakuta pagumu, kama udongo mwekundu wa Goba kiangazi kikikolea, chukua kashata fupi, ndogondogo, zenye nafasi kati yake, zipenye vumbi zifike kwenye ugumu. Kisigino kisipoacha alama yoyote, na njia imeanza kung'aa kwa weusi wa mpira, kashata ndefu zinakuangusha: zinajipinda, gari linaelea juu yake. Hapo tairi lenye vijino vifupi vilivyosongamana, au hata kipara, ndilo linaloshika. Ndiyo, kipara. Trafiki angekukamata barabarani, ila hapa unashinda nacho.

Ufukweni Coco ni hadithi nyingine. Kwenye mchanga mkavu hakuna kashata itakayokusaidia. Wanaoshinda wanaweka matairi ya makafi nyuma, yale yenye mabawa yanayochota mchanga kama kafi la mtumbwi, na mbele tairi laini lenye ukingo mmoja katikati wa kukata njia. Ukirudi nyumbani osha gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Chumvi itaanza na bearing.

Baada ya umbo, ulaini wa mpira. Laini unashika zaidi na unaisha upesi, mgumu kinyume chake, na joto ndilo hakimu. Lami na matofali ya pevingi saa saba mchana yanaunguza nyayo. Mpira laini sana pale unayeyuka kama ufutio, unaacha vijipele na kuanza kuteleza katikati ya mbio. Mpira huohuo saa kumi na mbili jioni, upepo wa bahari umeshaingia, ni mtamu. Kwa hiyo mchana wa Januari mimi huweka wa kati, jioni na siku za mawingu naweka laini. Mwaka mzima sijawahi kuhitaji ule laini kabisa. Huo ni wa watu wanaokimbiza magari wakiwa wamevaa makoti.

Kama huna uhakika, liangalie tairi baada ya dakika tano za kukimbia. Ukiona vile vinyweleo vya kiwandani bado viko, na mpira bado unang'aa, ni mgumu mno kwa njia hiyo au bado halijazoea. Lipe betri moja zima kwanza, maana tairi jipya huteleza kwa asili yake. Uso ukiwa na mikwaruzo midogo ya kijivu iliyosambaa sawa, linafanya kazi. Tope likijaa kati ya kashata mpaka tairi linafanana na andazi, umeleta tairi la kiangazi kwenye masika.

Gari linapinduka kwenye kona

Ajabu ya mchezo huu: unalia gari linateleza, unapata tairi linaloshika, kesho linabiringika. Hutokea zaidi kwenye pevingi na lami safi. Ubavu wa tairi la mbele la nje unajikunja, unakwama chini, gari linapanda juu yake.

Kumbuka nilivyosema gundi ubavuni inaharibu tairi? Hapa tunaiharibu kwa makusudi. Chukua gundi nyepesi, zungusha mstari mwembamba kwenye ukingo wa ubavu wa nje wa matairi ya mbele, pale ubavu unapokutana na kashata. Sehemu hiyo inakuwa ngumu na inateleza badala ya kukwama. Anza na mstari mmoja, jaribu, ongeza ukihitaji, kwa sababu kuutoa haiwezekani. Tairi hilo litakufa mapema kidogo.

Linakwisha upande mmoja

Likiisha upande wa ndani, magurudumu yameinamia ndani mno, punguza. Likiisha upande wa nje, fanya kinyume. Likiisha moja tu kati ya mawili, mkono wa gari unaobeba gurudumu hilo umepinda.

Maji ndani ya tairi

Baada ya mvua gari linakuwa zito, linaruka vibaya, na ukilizungusha tairi unasikia chwa-chwa. Sponji imelewa maji. Zipo sponji za aina mbili: ile yenye vitundu vilivyoungana, inayofyonza kama ya kuogea, na ile ya vitundu vilivyofungwa, ngumu kidogo, ya bei zaidi, isiyonyonya. Wa kiwanja cha matope anunue ya pili.

Angalia tairi linapumulia wapi. Lazima lipumue, la sivyo linakuwa puto na gari linadundadunda. Rimu nyingi zina vitundu viwili vidogo. Masika ninaviziba kwa utepe, halafu natoboa vitundu viwili vya milimita mbili au tatu kwenye tairi lenyewe, katikati ya kashata, kimoja mkabala na kingine. Maji yakiingia, mzunguko unayatupa nje kupitia hapo. Likishalowa, lisianikwe juani likiwa limelala. Lisimamishe kitundu kikiwa chini.

Tairi jipya halikai kwenye rimu

Usilazimishe. Umenunua saizi nyingine. Bagi za 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi) nyingi hutumia rimu ya inchi 2.2, na za nyuma ni pana kuliko za mbele; tairi la nyuma haliendi mbele hata ulivute vipi. Za 1/8 ni saizi moja pande zote nne. Upande wa gari, 1/10 kwa kawaida hushika kwa heksi ya milimita 12, 1/8 kwa milimita 17. Pima kwa rula kabla hujaagiza, maana mzigo wa nje hauna “nibadilishie” ya Kariakoo. Na kama ubavuni pana mshale, mshale ufuate mzunguko wa kwenda mbele. Panga jozi ya kushoto na ya kulia mezani kabla ya kufungua gundi, si baada.

Kuokoa rimu

Tairi limeisha, rimu ni nzima, usiitupe. Njia ya jikoni ni kuchemsha. Maji yachemke kabisa, tumbukiza, yatataka kuelea kwa sababu ya sponji na hewa, yagandamize kwa kifuniko kidogo. Dakika 15 mpaka 20, fungua madirisha, toa kwa koleo, vaa glavu nene, vuta mdomo wa tairi kuanzia mahali ulipolegea. Gundi hupoteza nguvu kwenye joto hilo, lakini ikipoa kidogo tu inagoma, kwa hiyo toa moja moja.

Njia ya pili ni asetoni, ile wanayoondolea rangi za kucha saluni, ila iwe asetoni tupu isiyo na manukato. Rimu pamoja na tairi vinalala ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, usiku kucha, mbali na jiko na kiberiti. Asubuhi tairi linatoka kwa mkono. Jaribu kwanza tone moja upande wa ndani wa rimu, maana nailoni inavumilia lakini plastiki nyingine zinalainika kama ubani, na rimu zilizopakwa rangi ya fedha zitatoka bila fedha. Sponji usitarajie kuirudisha.

Mimi nachemsha. Nina sufuria moja ya zamani, mpini umekatika, mama watoto ameichora msalaba kwa rangi nyekundu pande zote mbili, na haikai tena kwenye kabati la vyombo.